Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Majaji wa Mashindano ya Vijana, Ada na Mahudhurio

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha ngumi za ridhaa, naleta kwenu taarifa ya mwaka 2025. Nawashukuru mliofika. Tuliazima viti sabini, na mwenye ukumbi ameshaniuliza kama aanze kurudisha nusu.

Shughuli za kawaida mnazijua. Mazoezi yaliendelea Jumatatu hadi Ijumaa, mabondia wapya 19 waliandikishwa wakiwemo wasichana 6, vipimo vya afya vilifanyika kabla ya kila mashindano, zilinunuliwa glavu jozi 8 na jozi 3 kati ya hizo zimeshachanika, tulimzika mwenzetu mmoja na kuchangia harusi mbili. Bonanza la Sabasaba lilifana. Ziara ya Morogoro haikufanyika kwa sababu mnazozijua.

Sasa nije kwenye suala la majaji, ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo.

Mwezi Agosti kamati ya utendaji, chini ya uenyekiti wangu, iliamua kwamba kocha au kiongozi wa klabu yoyote yenye bondia kwenye mashindano yetu ya vijana asikalie kiti cha jaji. Tukaleta majaji watano kutoka nje ya mkoa, na pointi zikawa zinasomwa hadharani kila raundi inapoisha. Gharama yake ilikuwa shilingi 1,150,000 za nauli, malazi na posho, na zilitoka kwenye fungu la 1,800,000 la kununua turubai jipya la ulingo. Tangu hapo kundi letu la WhatsApp halijapoa. Nimeambiwa nimewadhalilisha wazee wa mchezo, nimeuza turubai, na baada ya fainali ya kilo 54 nikaambiwa nimeuza na pambano.

Naomba nijibu kwa urefu, maana kwenye simu sikupewa nafasi.

Wazee wetu wa ngumi wanaikumbuka Olimpiki ya Seoul 1988 kwa sababu ya Robert Wangila wa Kenya, aliyemwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili na kutwaa dhahabu ya uzito wa welter. Wangila hakuwaachia majaji kazi. Lakini katika Olimpiki hiyohiyo, kijana wa Kimarekani wa miaka 19, Roy Jones Jr., alipanda ulingoni kwenye fainali ya kilo 71 dhidi ya mwenyeji, Park Si-hun wa Korea Kusini. Waliohesabu ngumi zilizofika walipata 86 za Jones na 32 za Park. Majaji wakampa Park, watatu kwa wawili. Wa Urusi ya Kisovieti na wa Hungary waliandika Jones. Wa Morocco, wa Uruguay na, hapa naomba mnisikilize vizuri, wa Uganda, jirani yetu kabisa, wakaandika Park. Kisha huyohuyo Jones aliyeshindwa akapewa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia bora wa mashindano yote.

Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilichunguza, na mwaka 1997 ikasema haikupata ushahidi wa rushwa. Mimi sina ugomvi na jibu hilo. Jaji wa Morocco alinukuliwa akieleza kwamba aliona wazi Mmarekani kashinda, akaamini wenzake wote wanne watampa, ndipo yeye akampa Mkorea ili mwenyeji asiaibike. Yaani mtu hakula hata senti. Alikuwa anaonyesha adabu. Na adabu ya namna hiyo sisi tunayo tele. Sijawahi kusema kwamba kuna mzee wetu aliyehongwa, na anayesema nimesema hivyo alete ushahidi. Ninachosema ni kwamba jaji anayemjua baba wa mtoto, aliyekula pilau harusini kwao wiki iliyopita, hahitaji kuhongwa.

Mwaka juzi mliona wenyewe, ila mlinyamaza. Mwenzetu mmoja alitoka kwenye kona ya bluu kumhudumia kijana wake, pambano lililofuata akaenda moja kwa moja kukalia kiti cha jaji, na taulo la klabu yake bado liko begani. Bondia wa kwanza kupanda alikuwa wa klabu hiyohiyo. Akampa 10–8, yaani alama za kumzidi mpinzani kwa mbali, katika raundi ambayo mpinzani hakuangushwa wala kuhesabiwa na refa hata mara moja. Yule mpinzani alikuwa na miaka 15, na hajaonekana tena mazoezini.

Hata anayebebwa hapati kitu. Mwaka 2023 Park, mtu mzima sasa, alifunga safari hadi Pensacola, Florida, akamkabidhi Jones ile medali ya dhahabu. Kakaa nayo miaka 35 akiwa hana raha nayo. Nani kati yenu anamtakia mwanawe ushindi wa aina hiyo?

Kuna mwanachama kijana, msomi, aliyeandika kwamba dawa ni mashine. Ndugu yangu, dunia ilishapita huko. Kuanzia Barcelona 1992 majaji watano walipewa vitufe, na ngumi ikahesabiwa pale watatu walipobonyeza ndani ya sekunde moja. Matokeo yake mabondia wakajifunza kudonoa na kukimbia, na ngumi za mwilini zikawa hazina faida. Halafu ikaja London 2012. Mjapani Satoshi Shimizu alimwangusha Magomed Abdulhamidov wa Azerbaijan mara sita katika raundi ya tatu, refa akamwacha aendelee, na mkono ulioinuliwa mwishoni ukawa wa Abdulhamidov. Ilibidi Wajapani wakate rufaa ndipo matokeo yakapinduliwa. Mashine ilikuwepo.

Rio 2016 wakaja na mfumo wa pointi kumi kwa mshindi wa raundi. Michael Conlan wa Ireland akanyimwa pambano dhidi ya Mrusi Vladimir Nikitin, na mshindi huyo alikuwa ameumizwa kiasi kwamba nusu fainali hakupanda kabisa. Waamuzi na majaji wote 36 wa Rio waliwekwa kando, na uchunguzi wa Richard McLaren uliotolewa mwaka 2021 ukasema mapambano kama kumi hivi yalitiliwa shaka. Ndiyo sababu mojawapo kubwa ya shirikisho la zamani la dunia kupoteza utambuzi wa Olimpiki mwaka 2023. Mchezo wetu ulikuwa haumo kwenye ratiba ya Los Angeles 2028 hadi Machi 2025 uliporudishwa. Tulikuwa tunawafundisha watoto mchezo unaokaribia kufungiwa mlango, na chanzo kimojawapo ni viti vya majaji. Kusoma pointi kila raundi hatukubuni sisi. Kwenye Olimpiki ya Tokyo nako alama zilionyeshwa kila raundi ilipoisha.

Kocha mmoja ninayemheshimu alisimama akasema suluhisho ni kuwafundisha vijana kumaliza pambano kama Wangila. Maneno matamu, yalipigiwa makofi. Lakini tunazungumza juu ya watoto wa miaka 14, 15 na 16. Ukimwambia mtoto kwamba haki ataipata tu kwa kumlaza mwenzake, umemwambia atafute kichwa tangu kengele ya kwanza.

Kuhusu fainali ya kilo 54: kijana wetu alishindwa 3–2. Karatasi zote tano zimebandikwa ofisini tangu siku ile, na hadi jana waliokwenda kuzisoma ni watu wanne, wawili kati yao wakiwa wazazi wa mpinzani. Kijana mwenyewe alisikia baada ya raundi ya pili kwamba yuko nyuma, akabadilisha mchezo, raundi ya tatu akapewa na majaji wote. Kwa utaratibu wa zamani angejua habari zake mwisho wa pambano. Na niongeze hili, kwa kuwa hakuna aliyelisema: majaji hao niliwabembeleza mimi kwa simu, nikawapokea stendi kwa gari langu, na mafuta sikuyadai.

Turubai linaumiza, nakubali. Lina viraka. Ila tuseme ukweli wa hesabu. Tuko wanachama 68, ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka, waliolipa ni 21. Zimeingia 504,000, tunadaiana 1,128,000. Fedha hizo zingewalipa majaji karibu wote bila kugusa turubai. Nimepitia kitabu cha mhazini nikilinganisha na waliolalamika zaidi kwenye kundi, na majina sitayataja.

Mahudhurio nayo ni aibu. Mkutano wa Machi haukutimiza akidi, walifika 17. Wa Juni walifika 22, na baadhi waliondoka baada ya soda.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mfadhili wa turubai, kupeleka wenzetu wachache kwenye kozi ya ujaji itakapotangazwa, na kuimarisha kikosi cha wasichana. Michezo ya Olimpiki ya Vijana inakuja Dakar 2026, mara ya kwanza Afrika. Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walituletea shaba mbili kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022, kwa hiyo njia ipo. Tutaona.

Pendekezo la kuwarudisha makocha kwenye viti vya majaji liko kwenye ajenda namba 7. Kwa katiba yetu, anayepiga kura ni aliyelipa ada, na mhazini yuko pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi saa tano. Kura yangu mimi ni hapana.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti