Lile neno doctrine uliloniuliza

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi toka Bagamoyo, sisi wazima, mvua imekatika na dagaa wameanza kuanikwa tena kule pwani, mama anakusalimu anauliza utakuja lini. Nilikuahidi nitakujibu swali lako la doctrine, hilo neno la Kiingereza, kwamba maana yake nini na kwa Kiswahili tuliiteje, kwenye simu kila nikianza naona maelezo marefu, basi leo nimekaa barazani nikuandikie kwa nafasi.

Umeniuliza wakati muafaka maana juzi mtoto wa dada karudi tuisheni anasema kaambiwa doctrine ni itikadi kali, mambo ya mtu aliyelishwa maneno. Iliniuma kwa kweli, neno la watu linasingiziwa hivihivi.

Waingereza walilichukua kwa Wafaransa huko karne ya 14, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, doctrina, ambalo limetoka kwenye docere, yaani kufundisha, basi, hakuna ukali wowote hapo. Na mwalimu kwa Kilatini ni nani? Doctor! Yaani huyu daktari wetu wa sindano na dripu, jina lake kwa asili ni mwalimu. Kwenye vyuo vikuu vya Ulaya zamani doctor ni mtu aliyepewa ruhusa ya kufundisha, iwe dini, sheria au tiba, halafu wa tiba ndo likawaganda mpaka likafika huku, kwa hiyo mwenye PhD akiitwa dokta hajaazima jina la mtu, ni lake kabisa.

Mi nilipofika hapo nikamkumbuka bibi. Unajua alivyokuwa ananifunda, hakai akahubiri, siku ile ya mbuzi ya nazi alinishika mkono juu ya kizio akauzungusha polepole, akanambia ukifika kwenye gome acha, tui litaharibika rangi, nikakosea mara mbili, ya tatu akauachia mkono akanyamaza. Sasa angalia: kufunda, kufunza, kufundisha, mwanafunzi, fundi, wote ukoo mmoja. Ndo maana mi nasema doctrine kwa Kiswahili ni mafundisho, kwa sababu ndani yake kuna mtu aliyefundisha na mtu aliyepokea.

Itikadi ni kitu kingine. Hilo la Kiarabu, mzizi wake ni kufunga fundo, kwa hiyo itikadi ni kile ambacho moyo wako mwenyewe umeshakifunga. Mtu anaweza kupewa mafundisho miaka kumi asifunge fundo hata moja, na ndo hapo watu wanapochanganya. Dogma, yaani fundisho ambalo watu wa dini hawaruhusiwi kulipinga, nalo lina njia yake, la Kigiriki, kwenye Injili ya Luka ile amri ya Kaisari Augusto watu waandikwe, Kigiriki chake ni dogma hilohilo, kwa hiyo lenyewe linakaa upande wa amri zaidi kuliko wa somo.

Ubaya nadhani umeingilia kwa mdogo wake, indoctrinate, ambalo mwanzo lilikuwa kufundisha tu, baadaye likageuka kumjaza mtu kichwa bila kumpa nafasi ya kuuliza, na ubaya wa mdogo ukamrudia mkubwa. Kwenye siasa lakini nakubali mafundisho halikai vizuri, mfano rais Monroe wa Marekani mwaka 1823 aliwaambia wa Ulaya wasije kuanzisha makoloni mapya upande wake wa Amerika, nayo inaitwa doctrine, hapo we sema msimamo.

Sasa naomba unisaidie, baba yako hapo Ngamiani akimaliza darasa lake la baada ya magharibi muulize yeye anavyotenganisha mafundisho na itikadi akiwa anasomesha, uniandikie alivyosema hivyohivyo usipunguze. Na ukipata mtu anakuja huku nifungie machungwa ya Muheza, mama ameyataja mara tatu leo.

Wako,
Zuhura