Risala ya Watumishi wa Nyumba Salama kwa Mgeni Rasmi, Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi;
Ndugu Afisa Ustawi wa Jamii;
Maafisa wa Dawati la Jinsia na Watoto;
Viongozi wa dini, watendaji wa kata na wageni waalikwa;

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ofisi yako iliomba ufike kwenye Nyumba Salama yenyewe ukawasalimu akina mama waliokimbia ukatili tunaowahifadhi. Tunashukuru kwa nia hiyo, na tunaomba radhi kukuleta kwenye ukumbi huu wa shule. Gari la bendera likisimama getini kwetu asubuhi, jioni mtaa mzima unajua pale pana nini, na kesho yake mume wa mtu anagonga.

Mimi ninayesoma ni msimamizi wa mashauri. Wengi wakisikia cheo hicho hudhani ni mwanasheria, wengine matroni. Mama huletwa usiku na askari wa Dawati au mwenyekiti wa mtaa, pengine kavaa kandambili zisizofanana. Namfungulia jalada lenye namba badala ya jina. Usiku ule namuuliza machache tu: ameumia wapi, watoto wako na nani, mume ana silaha, anajua alikokimbilia? Mengine yanangoja alale. Akiwa amebakwa hatungoji, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72.

Baada ya hapo ni kuzunguka. Hospitali ajaziwe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, Dawati aandikishe maelezo, Ustawi, kisha mahakamani, ambako shauri huahirishwa kwa kuwa daktari aliyejaza ile PF3 amehamishwa. Anayekwenda peke yake husimulia aibu yake upya kila dirisha, na wengi hukata tamaa wakarudi nyumbani. Sisi tunakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Ukiniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nitakujibu ni hilo benchi.

Mheshimiwa, hatumwamulii mtu. Wapo wanaosema, "Dada, mimi narudi kwangu." Tunalaumiwa sana kwa kuwaruhusu, lakini nyumba ile si mahabusu. Anayerudi tunapanga naye usalama wake: namba ya simu aikariri, vyeti vya watoto na nguo kidogo aviweke kwa jirani anayemwamini, ajue mlango wa kutokea. Akija tena tunampokea kama mgeni wa kwanza. Hakuna wa kumwambia "si tulikwambia."

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Sheria hiyo hiyo inataka mgogoro upite Baraza la Usuluhishi kabla ya kudai talaka. Kinachosahaulika ni kwamba mahakama ikiridhika kuwa pana mazingira ya pekee yanayozuia hilo, inaweza kupokea ombi bila Baraza. Tumewahi kuwa na mama aliyeitwa kusuluhishwa na mtu aliyemvunja mkono, wakakalishwa benchi moja. Tunaomba wajumbe wa mabaraza wapewe semina, na Mheshimiwa uifungue wewe mwenyewe, kwani ukiwaita wewe watakuja.

Jambo linalotunyima usingizi zaidi ni uhamisho wa wanafunzi. Mtoto akihama, shule anayotoka hujua anakokwenda. Baba anafika kwa mwalimu mkuu akiwa mpole, anasema anamtafuta mwanawe, anaelekezwa. Mwalimu hana kosa. Ni baba wa mtoto. Tunaomba umwelekeze Afisa Elimu ili uhamisho wa watoto wetu ushughulikiwe ofisini kwake kwa siri, na jina la shule mpya libaki humo. Hili halihitaji bajeti.

La mwisho linahitaji fedha. Nyumba ile ni ya muda, na mama anayetoka bila kodi ya chumba wala mtaji anarejea kwa yule yule aliyemkimbia. Kazi yote niliyoieleza inaishia hapo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, hutolewa kwa vikundi, na mtu anayejificha hana kikundi wala mtaa wa kumtambulisha. Tunaomba wataalamu wako wakae na Ustawi wa Jamii waone namna akina mama wanaotoka wanavyoweza kusajili kikundi kwa kutumia anwani ya ofisi hiyo. Wapo sasa wanaojua kushona na kuoka mikate, na cherehani tunazo. Tupo tayari kuja ofisini kwako siku utakayotupangia, tukiwa na majalada yasiyo na majina.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba kuwasilisha.