Mkipima dawa, pimeni na watoto wake

Ndugu Mhariri,

Ukiingia duka la pembejeo pale Kariakoo ukauliza dawa ya mchwa itakaa ardhini muda gani, jibu ni lilelile: usijali, bakteria wa udongoni wataila, itaisha. Kuila wanaila kweli. Kuisha ni habari nyingine.

Chukua klorpirifosi, dawa inayomwagwa kwenye misingi ya nyumba kuzuia mchwa. Bakteria wakishaivunja hubaki “mtoto” wake, kemikali iitwayo TCP. Ukali wake kwenye mishipa ya fahamu hupungua, hilo silipingi. Lakini TCP huyeyuka kwenye maji kuliko dawa mama, yaani klorpirifosi yenyewe, kwa hiyo huteremka kirahisi hadi maji ya chini, tena huwadhuru bakteria walewale tuliowategemea watusafishie. Na jiji hili lina visima kila mtaa!

Fipronili, dawa nyingine ya wadudu, nayo huzaa kemikali iitwayo salfoni, ambayo kwa wadudu wa majini ni kali kuliko fipronili yenyewe. Endosalfani, dawa ya wadudu iliyoingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zinazodumu, hugeuzwa na vijidudu kuwa salfeti yenye sumu inayokaribiana na ya mama yake, ila hudumu zaidi. Ya DDT wengi wanayajua: DDE, inayobaki DDT ikivunjika, ndiyo iliyofanya maganda ya mayai ya ndege kuwa membamba. Hatuhitaji kwenda mbali kwa mfano. Vikuge, Kibaha, palipohifadhiwa viuatilifu chakavu, watafiti walikuta DDT na mabaki yake kwenye udongo.

Sasa njoo kwenye mchicha wa Bonde la Msimbazi. Mtu anapiga dawa jioni, anasuuza bomba la mgongoni palepale kwenye mfereji, na baada ya siku chache mafungu yako sokoni. Maabara ikitafuta dawa mama peke yake itakuta kidogo, na mboga itaitwa salama. Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, huhesabu endosalfani pamoja na salfeti yake, kwa hiyo siombi muujiza.

Ninachoomba kwa Shirika la Viwango (TBS) na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu: majibu ya vipimo yanapotangazwa, yataje kila kemikali iliyotafutwa, mama na watoto, si neno “salama” tupu. Na visima vilivyo jirani na bustani za mabondeni vipimwe TCP kabla ya masika.

Mkazi wa Kigogo,
Dar es Salaam