Watafiti, majibu yetu yako wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku, maana hili jambo sisi walimu wa msingi tunaliongea kila siku kwenye chai ya saa nne na linaishia hapohapo kwenye chai.

Miaka minne iliyopita alikuja dada mmoja shuleni kwetu na tableti na dodoso, mpole kweli, akakaa siku mbili, akawasomesha watoto wa darasa la tatu mmoja mmoja, akanihoji mimi, akamhoji mwalimu mkuu, akahesabu madawati mpaka matundu ya choo, halafu wakati anaaga akasema majibu mtaletewa. Mpaka leo kimya. Na sio yeye tu, hapa katikati wamepita wengine, tunahesabiwa kama kuku wa maonyesho.

Sasa mwaka jana mpwa wangu aliyeko chuo akanisomea utafiti mmoja uliokuwa kwenye simu yake, umeandikwa Kiingereza kile kigumu, akawa ananitafsiria huku tunamenya viazi. Ni ule unaoitwa KiuFunza, wa shirika la Twaweza, 2013 na 2014, shule za msingi 350 za hapahapa Tanzania. Wakazigawa kwa bahati nasibu: shule 70 zikapelekewa ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto, 70 walimu wakaahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza na hesabu, na mwalimu mkuu naye chake kidogo, 70 zikapata vyote viwili, na 140 hazikupata kitu ili kuwe na cha kulinganisha. Zile za ruzuku tupu watoto hawakupanda. Za bonasi tupu mambo yakawa nusunusu. Zilizopata vyote kwa pamoja ndio zikapanda, tena kupita ukijumlisha hayo mawili. Nikaacha kumenya. Yaani kitu hiki kimefanyika kwenye shule kama yangu, kikatoka kwenye jarida kubwa Marekani 2019, na mimi nimekisikia jikoni kwa mpwa wangu!

Na mwalimu mkuu wetu, ambaye ndiye anakaa na ile ruzuku na kupanga inunue nini, naye hakuwahi kusikia. Simlaumu. Anaongoza kwa waraka, leo taarifa ya hiki inatakiwa kabla ya saa nane, kesho takwimu za kile zitumwe kwenye grupu la wasapu la kata, saa ngapi akae aulize hivi tunachofanya kinasaidia au ni mazoea tu.

Tukija kwenye mafunzo kazini ndio usiseme. Anachaguliwa mwalimu mmoja aende semina siku tano, na wote tunajua anachaguliwaje, anarudi na kablasha na posho, kwenye kikao anapewa dakika kumi za mwisho baada ya ajenda ya uji wa watoto, basi. Kablasha linapanda juu ya kabati. Wenzetu Kenya walilipima hili kabla ya kuanza Tusome, ule mpango wao wa kufundisha watoto kusoma, nchi nzima 2015. Kundi moja la shule lilipewa semina na mtu wa kumtembelea mwalimu, jingine likaongezewa vitabu kila mtoto na chake, jingine likaongezewa na mwongozo wa mwalimu wa somo kwa somo, na hilo la mwisho ndilo lililofanya vizuri zaidi hata ukipima na gharama zake. Semina bila vitu vya kushika mkononi haikufika mbali. Sasa sisi bado tunaenda semina ya projekta kisha unarudi darasani kitabu kimoja watoto watano.

Kuna atakayesema basi tununue vitabu tumalize. Taratibu. Busia huko Kenya miaka ya 1990 walipeleka vitabu mashuleni na wastani wa watoto haukusogea, waliofaidika ni wale waliokuwa vizuri tangu mwanzo, maana vilikuwa vya Kiingereza na wengi hawakuweza kuvisoma. Ndio maana nasema utafiti sio msahafu, mtu hachukui tu cha jirani akakibandika kwake, lazima walimu mkae mkijadili kwetu kukoje.

Pa kukaa tunapo. MEWAKA, yaani ule mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imetuletea Jumuiya za Ujifunzaji, walimu tukae tujifunze pamoja hukohuko shuleni. Kwetu mara nyingi tunajaza daftari la mahudhurio tunatawanyika, ila muhula mmoja mwalimu mkuu alikubali tufanye tofauti, tukamsomesha kila mtoto wa darasa la pili aya moja, wasioweza tukawaweka pamoja nusu saa kila asubuhi, na yeye mwenyewe akawa anaingia kukaa nyuma, bila daftari la kukagua, anasikiliza tu. Mwanzoni tulimuogopa. Baadae nikawa namwita mimi, mwalimu njoo uone hapa nakwama. Muhula uliofuata taarifa zikamzidi na ikafa.

Ombi langu kwa wanaotoa vibali vya utafiti mashuleni, wekeni sharti: hakuna kibali kingine kama majibu ya kwanza hayajarudi shuleni, kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, yabandikwe ofisi ya walimu. Na afisa elimu kata akija, badala ya kuanza na maandalio ya somo, aulize kwanza hizo kurasa mlizijadili lini na mmebadilisha nini.

Na yule dada wa tableti kama anasoma gazeti hili, wale watoto wako wa darasa la tatu saivi wako la saba, wanamaliza mwaka huu.

Mwalimu wa msingi,
Morogoro