Shukrani kwa fundi wa makaburi ya kale, Urambo

Fundi, umekataa jina lako litajwe, basi tutaje kazi. Misheni ya Urambo ilianzishwa na London Missionary Society mwaka 1879, Wamoravian wakaipokea 1898. Makaburi ya kale ya usharika wetu ni ya matofali ya kuchoma, na wenye nia njema waliyapiga plasta ya saruji. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ukakosa pa kutokea, matofali yakaanza kumomonyoka kwa ndani.

Ulibandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo; ile iliyong'ang'ania uliiacha, maana ingeondoka na uso wa tofali. Ukakwangua viungo, ukavilowesha, ukajaza chokaa debe moja kwa madebe matatu ya mchanga wa mtoni uliochekechwa. Saruji hata kijiko hukutia. Magunia mabichi juu yake, kwa sababu jua la Tabora hukausha chokaa kabla haijashika. Mtini ulioota ukutani uliukata usawa wa tofali, hukuung'oa. Maandishi uliyasafisha kwa maji na brashi laini tu.

Ukapokea hela ya chokaa, basi. Asante sana, mzee wetu. Sharika nyingine, kabla ya kununua saruji, ulizieni kwanza fundi wa chokaa.