Risala ya Klabu ya Tenisi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wahitimu, Jinja

Mheshimiwa mgeni rasmi, mama yetu na dada yetu mkubwa katika shule hii,
Mwalimu Mkuu,
Mwenyekiti na wajumbe wa bodi ya shule,
Walimu wetu wapendwa,
Wazazi na walezi,
Wahitimu mliotutembelea,
Wanafunzi wenzetu,

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo nyote.

Kwa niaba ya wanachama wote wa klabu ya tenisi, tunakukaribisha tena nyumbani. Tunasema "tena" kwa sababu uwanja huu uliujua kabla yetu. Mchana wa leo umeshika raketi ukacheza upande wa wahitimu, na sisi tuliokuwa ng'ambo ya wavu tumeuonja ule mpira wako wa chini unaoteleza bila kuruka. Hatujazoea kupokea mpira wa namna ile. Umetoka katika zama za raketi za mbao, na umetusumbua sana.

Baada ya mechi, tulipokuwa tunakunywa maji chini ya mwembe, likazuka swali linalozuka kila wahitimu wanapokuja: ni kizazi gani kilichotoa wachezaji wakubwa zaidi wa tenisi duniani? Wakubwa wetu walimtaja Björn Borg, wakamtaja na Martina Navratilova. Sisi tukamtaja Novak Djokovic na Serena Williams. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza hawataki kusikia jina lolote isipokuwa Carlos Alcaraz na Jannik Sinner. Asifuye mvua imemnyea, na kila mmoja alimsifu yule aliyemwona kwa macho yake. Wanachama wameniagiza niliweke suala hilo katika risala hii, kwa kuwa wanalichukulia kwa uzito, na maombi tutakayokuletea leo yamezaliwa humo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, watu wengi hukimbilia kuhesabu vikombe. Upande wa wanaume, Djokovic ana mataji 24 ya mashindano makuu, yale manne ya kila mwaka: ya Australia, Roland Garros ya Ufaransa, Wimbledon ya Uingereza na ya Marekani. Wanaomfuata ni Rafael Nadal 22, Roger Federer 20, Pete Sampras 14, kisha Rod Laver na Borg 11 kila mmoja. Ukiisoma orodha hiyo na kuifunga, utasema Laver ni wa nyuma sana. Klabu yetu inakataa kuifunga.

Laver, mzaliwa wa Queensland, Australia, alishinda mashindano makuu yote manne katika mwaka mmoja, 1962. Kisha akaamua kucheza kwa malipo. Siku zile mashindano hayo yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Ukishakuwa mchezaji wa kulipwa, Wimbledon na Roland Garros unabaki kusimuliwa tu. Laver akakaa nje kuanzia 1963 hadi mwanzoni mwa 1968, yaani mashindano makuu 21, katika miaka ambayo mwanamichezo huwa na nguvu zake zote. Mlango ulifunguliwa mwaka huo wa 1968, wa ridhaa na wa kulipwa wakaingia pamoja, na mwaka uliofuata, 1969, akashinda tena yote manne. Hakuna mwanamume mwingine aliyefanya hivyo mara mbili.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Katika ushindi wake wa 1962, Ken Rosewall, Lew Hoad na Pancho Gonzales hawakuwepo, kwa sababu wao walikuwa wameshatangulia kwenye tenisi ya kulipwa. Laver alipowafuata huko mwaka 1963, Rosewall na Hoad walimshinda mara nyingi mwanzoni. Ndiyo maana sisi tunaupa mwaka 1969 uzito kuliko 1962. Vikombe ni vilevile vinne, lakini mara ya pili kila aliyekuwa na raketi duniani aliruhusiwa kumzuia.

Huyo Gonzales anatugusa zaidi. Alikuwa bingwa wa Marekani 1948 na 1949, akageukia malipo akiwa na miaka 21, na mashindano makuu hayakumwona tena mpaka alipofikisha miaka 40. Wimbledon ya 1969, akiwa na miaka 41, alimshinda Charlie Pasarell katika mechi ya gemu 112 iliyochezwa siku mbili. Kwa hesabu ya vikombe vikuu vya mchezaji mmoja mmoja, Gonzales ana viwili tu. Wakati huohuo Roy Emerson, mchezaji hodari na mwenye bidii, alipata 12, na 10 kati ya hivyo alivichukua kati ya 1963 na 1967, wakati Laver na wenzake wako nje. Rekodi hiyo ya 12 ndiyo dunia iliyoifukuzia hadi Sampras alipoipita Wimbledon mwaka 2000. Hatumlaumu Emerson. Alicheza na waliokuja.

Sisi watu wa Uganda tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. John Akii-Bua alishinda dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Munich mwaka 1972, akitokea njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali, kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 48. Mwaka 1976 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Edwin Moses wa Marekani akashinda huko na kuivunja rekodi ya Akii-Bua. Mwaka 1980 Akii-Bua akaenda Moscow, na safari hiyo ni Marekani iliyosusia. Kwa hiyo hawakukutana Olimpiki hata mara moja. Anayetaka kuwalinganisha kwa medali peke yake, basi akumbuke kuitaja Montreal.

Mheshimiwa mgeni rasmi, jambo la pili ni vifaa, na hapa mpira wako wa leo umetufundisha mengi. Raketi ya Borg ilikuwa ya mbao, kichwa chake kama inchi 65 za mraba, uzito wake karibu gramu 400. Raketi nyingi za leo ni za kaboni, kichwa kinakaribia inchi 100, na uzito ni gramu 300 hivi. Mwaka 1991, baada ya kukaa nje ya mashindano kwa miaka mingi, Borg alirudi Monte Carlo na raketi ya mbao, akafungwa na Jordi Arrese wa Hispania 6-2, 6-3. Wapo wanaoitumia siku ile kuthibitisha kwamba wachezaji wa zamani walikuwa dhaifu. Sisi tunaona inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba raketi ile muda wake ulikuwa umekwisha.

Nyuzi nazo zilibadilisha mchezo, pengine kuliko fremu. Gustavo Kuerten wa Brazil aliingia Roland Garros ya 1997 akiwa wa 66 duniani, raketi yake ikiwa na nyuzi za poliesta, akaondoka na kombe. Nyuzi hizo humwezesha mchezaji kupiga kwa nguvu zote, mpira ukajizungusha na kushuka ndani ya mstari. Mipigo ya Nadal, mshindi wa Roland Garros mara 14, imejengwa juu ya mzunguko huo. Na nyasi? Mwaka 2001 Wimbledon ilibadilisha mbegu, ikapanda aina moja tu ya nyasi, ardhi ikawa ngumu zaidi na mpira ukaanza kuruka juu zaidi. Mwaka uliofuata fainali ilikuwa kati ya Lleyton Hewitt na David Nalbandian, wote wawili watu wa kucheza kutoka mstari wa nyuma. Sampras alichukua mataji yake saba ya Wimbledon kwenye ardhi ambayo haipo tena. Hata Laver, alipozunguka dunia mwaka 1969, mashindano matatu kati ya manne yalichezwa kwenye nyasi.

Kwa wanawake hesabu ni nzito zaidi. Margaret Court ana mataji 24, na 11 kati yake ni ya Australia, ambako wakati ule nyota wengi wa Ulaya na Marekani hawakusafiri. Steffi Graf ana 22 na kila shindano kuu alilishinda si chini ya mara nne. Mwaka 1988 alishinda yote manne pamoja na dhahabu ya Olimpiki. Lakini Aprili 1993, huko Hamburg, Monica Seles alichomwa kisu mgongoni uwanjani na mtu aliyekuwa shabiki wa Graf. Seles alikuwa na miaka 19 na tayari ana mataji makuu manane. Akakaa nje zaidi ya miaka miwili. Graf hakuwa na kosa lolote, na ukubwa wake haupungui, lakini hakuna mtu mwaminifu anayeweza kuisoma miaka ile bila kuhuzunika.

Na yuko Althea Gibson. Mashindano ya taifa ya Marekani hayakumruhusu Mmarekani Mweusi hadi mwaka 1950, naye akaingia akiwa na miaka 23. Alishinda Roland Garros 1956, kisha Wimbledon na Marekani 1957 na 1958, na ubingwa wa ridhaa haukumlipa hata shilingi. Mataji makuu matano. Hatujui yangekuwa mangapi kama angeruhusiwa akiwa na miaka 17, umri ambao Serena Williams alishinda taji lake la kwanza New York mwaka 1999. Kutoka mwaka huo hadi 2017 Serena alikusanya 23, akiwashinda waliomtangulia, wa rika lake na waliozaliwa nyuma yake.

Sasa, mheshimiwa mgeni rasmi, mtatuuliza: mwishowe mmemchagua nani? Kwa wanaume tunampa Djokovic. Tunafanya hivyo kwa sababu katika zama zake karibu kila mlango ulikuwa wazi, na bado alishinda kila shindano kuu si chini ya mara tatu, kwenye nyasi, udongo na sakafu ngumu, na anaongoza dhidi ya Nadal 31 kwa 29 na dhidi ya Federer 27 kwa 23. Laver tunamweka ubavuni mwake, hatumweki chini. Kwa wanawake klabu iligawanyika. Wengi walimchagua Serena, na waliomchagua Graf hawajakubali hadi leo. Alcaraz na Sinner tunawaomba wadogo zetu wawape muda.

Tulipomaliza ubishi huo tukajitazama wenyewe. Hapa kwetu, bingwa wa klabu huandikwa ubaoni jina na mwaka, basi. Ubao hausemi kwamba raketi ni za kupokezana, na kwamba aliyetangulia kupata yenye nyuzi nzima ameshaanza mbele. Hausemi kwamba mipira tunayochezea imepoteza manyoya. Hausemi kwamba wasichana huingia uwanjani baada ya wavulana kumaliza, jua likiwa linazama upande wa mto, kisha tunashangaa kwa nini wavulana wanapiga vizuri zaidi. Ons Jabeur wa Tunisia alifika fainali ya Wimbledon 2022 na 2023. Ni binti wa Afrika kama hawa walioketi mbele yako.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo kwa moyo mkunjufu. Tunaomba utusaidie kupata mashine ya kufunga nyuzi, hata iliyotumika, pamoja na mtu wa kutufundisha kuitumia, kwa sababu raketi nyingi tulizonazo fremu zake ni nzima na zimelala stoo kwa kukosa nyuzi. Tunaomba mipira kwa kila muhula. Tunaomba ukuta wa kujizoeza nyuma ya uwanja. Matofali wazazi wamekubali kuyachoma wenyewe, tunachokosa ni saruji na fundi. Na kwa bodi na Mwalimu Mkuu, mbele yako, tunaomba ratiba ibadilishwe ili siku mbili za wiki wasichana watangulie uwanjani saa kumi jioni. Hilo la mwisho halihitaji fedha yoyote, na ndilo tunalolitaka kuliko yote. Tungependa pia, ukipata nafasi, utuunganishe na makocha wa viwanja vya Lugogo, Kampala, ili wachezaji wetu wachache waende kupimwa wakati wa likizo.

Mwisho, tumefungua daftari jipya la klabu. Kila mechi itaandikwa matokeo, raketi iliyotumika, hali ya uwanja, saa iliyochezwa, na nani hakuweza kuja na kwa nini. Ukurasa wa kwanza tumeuacha wazi kwa kizazi chako. Tunakuomba, pamoja na wahitimu wenzako, mtuandikie mlicheza na nini, wapi, dhidi ya nani, na ni wasichana gani wa wakati wenu waliokuwa wazuri wakakatazwa au wakakosa nafasi. Majina yao hatunayo popote.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wa klabu ya tenisi.