Wanafunzi wa mapishi waletwe mwaloni

Mhariri,

Nina mgahawa mdogo Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, na huwa napokea vijana wa mapishi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Wanakunja vitambaa vya meza vizuri ajabu, na uma wa kushoto hawaukosei. Sasa mpe sato mbichi! Anamtazama kana kwamba atamsalimia. Kumpaa hajui, na nyongo akiipasua, mchuzi wote mchungu.

Kinachonikera zaidi ni kutoweka samaki kwenye barafu. Samaki akikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60, vijidudu huzaliana haraka, na jua letu la saa sita mnalijua. Kijana ana cheti lakini anaacha minofu ya sangara mezani, anachati.

Walimu wapunguze notsi, wawalete mwaloni. Na sisi mama lishe tuwekewe kozi fupi za jioni, maana mchana hatuwezi kuacha moto. Jiko langu liko wazi, ila waje alfajiri, na kila mmoja aje na kisu chake.

Mama lishe,
Kirumba, Mwanza